Muulize mtunza stoo: namna ya kumchunguza mzabuni wa chakula kabla ya kumpa kazi

Mkuu wa shule humwona mzabuni siku mbili: siku ya kusaini mkataba na siku ya kusaini malipo. Mtunza stoo humwona saa moja jioni, mvua inanyesha, Fuso limeingia getini na magunia themanini badala ya mia, na utingo anasema, "Bosi kasema mpokee hayo kwanza." Ukitaka kumuulizia mzabuni kabla ya kumpa kazi, mtu wako ni huyo mtunza stoo. Mengine yote yaliyomo humu ni njia ya kumfikia na namna ya kumsikiliza.

Mimi hununua chakula cha shule ya bweni ya binafsi mkoani Morogoro: mahindi, maharage, mchele, mafuta, sukari, na nyama mara mbili kwa wiki. Kila Novemba tunaalika wazabuni wa mwaka unaofuata, na kila Novemba zinakuja bahasha zenye barua za sifa. Shule za serikali zina njia yao, mfumo wa ununuzi wa umma mtandaoni uitwao NeST, uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Sisi wa shule binafsi, hosteli, vituo vya watoto na hoteli ndogo hatuna mfumo wa kutuchujia, tunachuja wenyewe. Tenga wiki mbili.

Hatua ya kwanza: malizana na karatasi

Hii ni kazi ya siku moja. Omba cheti cha BRELA, yaani wakala wa usajili wa biashara, namba ya mlipakodi (TIN), leseni ya biashara ya mwaka huu kutoka halmashauri, na nakala za risiti za mashine ya kielektroniki (EFD) alizowapa wateja wengine. Kisha hakiki kimoja kimoja. Usajili unatafutwa kwenye mfumo wa BRELA mtandaoni, TIN kwenye tovuti ya mamlaka ya mapato, TRA, na risiti ya EFD ina alama ya QR. Iskani kwa simu. Risiti halali itakufungulia taarifa zake TRA.

Unachotafuta ni majina kufanana. Cheti kina jina la kampuni, leseni ina jina la mtu, akaunti ya benki ni ya mtu wa tatu: simama hapo uulize. Kumbuka pia kwamba jina la biashara na kampuni ni vitu viwili. Mwenye jina la biashara ukimdai, unamdai yeye mwenyewe. Kampuni ni nafsi nyingine kisheria; inaweza kufa na madeni yake huku mwenyewe akifungua nyingine mtaa wa pili. Kwa hiyo nikipewa kampuni nataka majina ya wakurugenzi, na nikiulizia nayataja majina hayo pamoja na la kampuni.

Tazama tarehe. Anayejisifu kwa uzoefu wa miaka kumi na cheti chake kina miezi minne huenda anasema kweli, kwa kuwa wengi huanza kwa majina yao kabla ya kusajili kampuni. Mwombe leseni za zamani. Mwenye historia hufurahi kuionyesha.

Kitu kidogo kinachofichua mengi: nafaka ghafi kama mahindi na maharage hazitozwi VAT. Mzabuni akikuandikia mahindi halafu chini akaongeza asilimia 18, ama haijui biashara yake ama anakujaribu. Mwulize kwa upole ni kina nani aliowatoza hivyo, kisha waandike hao kwenye orodha yako ya kuuliza.

Mwisho pitia orodha ya PPRA, mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma, ya waliofungiwa kushiriki zabuni za umma. Orodha ile inahusu serikali, lakini aliyefungiwa huko ndiye anayekuja kutafuta riziki kwetu.

Hatua ya pili: wa kuulizwa uwachague wewe

Majina matatu anayokupa mzabuni ni majina aliyoyaandaa. Simlaumu, hata wewe ukiomba kazi hupeleki jina la bosi mliyegombana.

Mwaka wangu wa pili kazini niliridhika na majina hayo. Mzabuni alileta barua tatu, zote zina mihuri, moja ikimsifia mpaka uzalendo wake. Muhula ulipoanza, maharage yalikuwa yanawekwa jikoni saa kumi alfajiri, na saa saba mchana bado yanagonga meno. Yalikuwa ya zamani, yamelala ghalani misimu miwili. Kuni za kutufikisha Machi ziliisha Februari. Nikaifuatilia ile barua nzuri kuliko zote. Shule ipo, barua ni ya kweli, mhuri ni wa kweli, na aliyeiandika alikuwa shemeji yake mzabuni. Hakuna kilichoghushiwa. Nilimwamini mtu ambaye hakuwahi kukanyaga stoo.

Tangu siku hiyo siombi wadhamini. Naomba orodha ya wateja wote aliowapelekea mzigo katika miezi 24 iliyopita, pamoja na nakala za hati za kupokelea mzigo. Hati hizo ndizo zenye thamani kuliko karatasi zote kwenye bahasha, kwa sababu pale chini pana jina na saini ya aliyepokea. Huyo ndiye mtunza stoo. Mzabuni mwenyewe amekupa bila kujua.

Katika orodha hiyo chagua wanne. Mmoja anayehudumiwa sasa. Mmoja waliyeachana. Mmoja aliye mbali, kwa sababu barabara mbovu za masika ndizo zinazompima msambazaji. Na mmoja anayelingana na wewe kwa idadi ya walaji. Huyu wa mwisho usimruke. Watoto 600 wakila ugali, ukikadiria gramu 300 za unga kwa kila mmoja, ni kilo 180 kwa mlo mmoja. Mtu aliyezoea kuhudumia kituo chenye watoto 40 anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado akaelemewa kwako wiki ya tatu.

Wa tano mtafute mwenyewe nje ya orodha. Nenda lilipo ghala lake, kaa kwa mama lishe wa karibu, agiza chai na chapati. Makuli na madereva wanakula hapo, nao wanajua mzigo gani umeenda wapi na upi ulirudi. Usiwahoji kama askari. Sema tu unatafuta usafiri wa kupeleka mzigo shuleni, uliza hapa wanapeleka shule zipi. Mara nyingi itatajwa shule ambayo mzabuni "aliisahau" kuiandika, na hiyo ndiyo ya kuanza nayo.

Kabla ya kupiga namba yoyote aliyokupa yeye, ifanyie jaribio la mtaani: anza kama unaituma shilingi elfu moja kwa simu. Jina la mwenye laini likitokea kabla ya kuthibitisha, lisome, kisha ghairi. Niliwahi kukuta "mhasibu wa shule" mwenye jina la ukoo la mzabuni. Inaweza kuwa sadfa. Basi nikapiga simu ya ofisi ya shule yenyewe, nikaomba niunganishwe na stoo, na sadfa ikaishia hapo.

Hatua ya tatu: piga simu, uliza matukio

Piga saa nne au saa tano asubuhi, baada ya stoo kutoa chakula cha mchana kwa wapishi. Jumatatu asubuhi hakuna atakayekusikiliza, na siku ya kufunga shule ndiyo kabisa.

Salamu usizikimbie. Sauti ikiwa ya mtu mzima, shikamoo ndiyo inayofungua mlango. Kisha jitambulishe vizuri na mwondolee hofu, kwa sababu anachokiogopa ni kwamba maneno yake yatarudi ofisini kwake. Mimi husema hivi:

"Samahani kwa usumbufu, mama. Mimi ni mwenzako, nanunua chakula cha shule huku Morogoro. Kuna mzabuni ameomba kutuletea mahindi na maharage, na kwenye karatasi zake nimeona wewe ndiye uliyepokea mzigo wake mwezi wa pili. Sikuulizi bei zenu wala mambo ya ofisi. Naomba dakika tano tu unieleze mzigo ulivyokuwa ukifika. Kama nimepiga wakati mbaya, niambie nipige saa ngapi."

Swali la "mnamwonaje?" lifute kabisa. Jibu lake ni "mzuri tu", na jibu hilo halina uzito hata wa punje. Uliza mambo yaliyotokea:

– Mzigo wa mwisho ulifika siku ngapi baada ya oda?
– Mlipima kwa mizani ya nani, na gunia lilitoka kilo ngapi?
– Mwezi wa kwanza hadi wa tatu alileta kama kawaida?
– Mliwahi kumrudishia mzigo? Gari la kurudisha lililipwa na nani?
– Mpishi alilalamikia nini?
– Mlikuwa mnamlipa baada ya muda gani?

Swali la mizani lina mambo. Kuna wanaouza kwa debe, kuna wanaouza kwa gunia, na "gunia" la mdomoni halina kilo. Debe la mahindi huwa kama kilo 18, na gunia la debe sita hucheza kwenye kilo mia na ushei, lakini debe lililobonyezwa kitako hutoa pungufu na macho hayaoni. Sheria ya vipimo imeweka ukomo wa kilo 100 kwa gunia, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, imepigwa marufuku. Kumbe hata mzabuni anayejisifu kwamba magunia yake "yamejaa" ana swali la kujibu. Mtunza stoo anayekuambia "tulipima, yalikuwa yanatoka 97, 98, moja 91" ni shahidi wa kuaminika. Anayesema "yalikuwa sawa" huenda hawana mizani.

Swali la Januari nalo lielewe. Mahindi huwa mengi na bei huwa chini baada ya mavuno, kuanzia Juni hivi, na hupanda kadiri mwaka unavyoisha mpaka kufika Februari na Machi. Sisi shule tunafungua Januari, yaani tunaingia mkataba bei ikiwa kwenye mlima. Mzabuni mwenye ghala na mtaji alishanunua mapema kwenye soko la nafaka la Kibaigwa. Asiye na kitu ananunua leo ili alete kesho, na bei ikiruka anaanza kuleta nusu nusu, au simu yake inaanza "kuisha chaji". Mzabuni aliyefanya vizuri Julai hajathibitisha chochote. Uliza Februari.

Ukimaliza na mtunza stoo, omba kuongea na mpishi. Mpishi haogopi mtu. Atakuambia mchele ulioitwa wa Kyela ulipikika ukawa bokoboko, au ulikuwa chenga nusu nzima.

Hatua ya nne: sikiliza kile kisichosemwa

Waswahili hatumsemi mtu vibaya kwenye simu, tena kwa mgeni. Mabaya hutolewa yamefunikwa, nawe kazi yako ni kuinua kawa. Baada ya miaka kadhaa nimezoea maneno machache.

"Anajitahidi" ni onyo. Anayefanya vizuri hasemwi kwamba anajitahidi.

"Ni mtu mzuri, mcheshi, hana makuu": umeuliza habari za maharage, umejibiwa tabia. Rudia swali la maharage.

"Hapo mwanzo alikuwa vizuri sana." Uliza mwanzo uliisha mwezi gani.

"Tumeshamzoea." Hii inaweza kumaanisha mapenzi, inaweza kumaanisha wamechoka kulalamika. Uliza ni nini hasa mlichokizoea.

"Kwa hilo labda uongee na bosi." Mara nyingi hapo pana cha juu kinachopita kwa mtu, na mtunza stoo hataki kuwepo. Usimlazimishe. Mshukuru, muage vizuri, andika pembeni.

Kinyume chake, sifa za kweli huja na kero ndani yake. Mama mmoja aliniambia, "Huyo kaka anachelewa, kila mara anachelewa siku moja. Lakini anapiga simu mapema kusema atachelewa, na gunia lake halipungui." Huyo tulimchukua. Tulichofanya ni kuagiza siku moja kabla.

Hatua ya tano: nenda ukaone

Kwa zabuni ndogo simu zinatosha. Kwa ya mwaka mzima, panda gari uende shule mbili ulizopigia na ghala lake. Shuleni omba kuingia stoo, hata kwa kuchungulia. Mzigo wake upo pale pale. Harufu utaisikia kabla hujafika mlangoni.

Ghalani kwake tazama chini kabla ya kutazama juu. Magunia yako juu ya chaga au yamelala kwenye sakafu? Yameachana na ukuta? Paa linavuja? Simaanishi usafi wa kupendeza wageni. Mahindi yenye unyevu huota ukungu, ukungu huleta sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu walikufa mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu kwa jumla isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo. Mwulize mzabuni anapimaje unyevu. Akikutolea kipimo, vizuri. Akikuambia anauma punje kwa jino, hiyo ni elimu ya wazee na ina maana yake, lakini usimkabidhi watoto 600 kwa jino.

Njia ya bure unayoweza kuifanya mwenyewe: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15 hivi. Mzigo huo usiingie stoo.

Hatua ya sita: msikilize na yeye

Hapa wanunuzi wengi tunakosea, na mimi nilichelewa kujifunza. Shule zinadaiwa. Ada hazijaingia, mzabuni anazungushwa miezi minne, akisimamisha mzigo anaambiwa si mwaminifu. Ukipiga simu shule hiyo utasikia kwamba ni mbabaishaji. Ndiyo maana swali la malipo limo kwenye orodha yangu. Waliolipa baada ya siku 120 hawana haki ya kunilalamikia ucheleweshaji wa wiki.

Kwa hiyo ukisikia baya, mwite mzabuni umpe nafasi. Usimtaje aliyekuambia, mtunza stoo aliyekuamini ana kazi ya kulinda. Uliza kwa jumla: "Nimesikia kuna mahali mzigo ulisimama Machi. Ilikuwaje?" Mwenye sababu ataleta ankara ambazo hazijalipwa, zina tarehe. Asiye na sababu ataanza kuuliza ni nani kasema.

Yote unayoyasikia yaandike kwenye ukurasa mmoja kwa kila mzabuni: tarehe ya simu, cheo cha uliyeongea naye, kilo, siku, mizigo iliyorudishwa. Maneno kama "mwizi" yasiingie, hata kama yametamkwa. Hujayathibitisha, karatasi hutembea, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotaka uwe mwangalifu na taarifa za watu unazozihifadhi.

Hatua ya saba: mzigo wa majaribio

Wawili waliobaki wape kila mmoja oda ndogo ya kulipwa, mahindi gunia kumi na maharage matano. Usiwaambie ni mtihani. Lete mizani yako yenye stika ya mwaka huu ya Wakala wa Vipimo, pima kila gunia. Chukua bambo, choma magunia ya katikati ya gari, maana mabaya hayapangwi juu. Mpishi apike maharage ya kila mmoja siku tofauti kwa kuni zile zile, na aandike saa ya kuinjika na saa ya kuepua. Kisha kataa gunia moja, lile baya kuliko yote, na uangalie uso wa dereva, halafu uangalie mzabuni atachukua siku ngapi kulibadilisha.

Aliyepita hapo mpe mkataba wa muhula mmoja kwanza. Andika ndani yake kwamba mizani ni ya shule, unyevu hauzidi asilimia 13.5, mzigo uliokataliwa unarudi kwa gharama yake, na malipo ni ndani ya siku ambazo wewe mwenyewe utaweza kuzitimiza. Nakala moja ibaki kwa mhasibu. Nyingine ibandikwe ukutani stoo, karibu na mizani, ili saa moja jioni mvua ikinyesha mtunza stoo awe na kitu cha kumwonyesha utingo.